Mwaka Niliolala Chali Sekenke

Maumivu yalianza siku ya kufua. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nikikamua shati la mume wangu, nikasikia kama msumari umechomekwa katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. Nikanyooka, ukatoka. Nikainama tena, ukarudi. Nilijiambia ni uchovu tu. Nikaanika nguo, nikaenda kufundisha kipindi changu cha kina mama. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sijawahi kulazwa hospitali hata siku moja, na nilidhani mwili ni kitu ambacho mtu hukiamuru nacho kikatii.

Tulikuwa katika mwaka wetu wa tatu Sekenke. Mimi na mume wangu ni watu wa magharibi mwa Kenya, kule kwenye vilima vya majani ya chai na mvua ya kila alasiri, na kanisa letu lilitutuma Tanzania kama wamisionari. Walituaga kwa nyimbo na machozi, wakatupa blanketi mbili na taa ya sola, wakatuambia tunakwenda kwa watu walioko gizani. Basi liliposhuka mlima wa Sekenke, kona baada ya kona, likatutua chini bondeni, tulikuta kijiji chenye makanisa mawili, msikiti mmoja, na kwaya iliyoimba vizuri kuliko ya kwetu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa juu ya begi.

"Hawa ndio walioko gizani?" aliuliza.

Lakini kazi ilikuwepo. Tulitumwa hasa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu wanaohama kutoka shimo hadi shimo, ambao Jumapili kwao ni siku kama nyingine. Kila alasiri mume wangu alikwenda machimboni wakati watu wanatoka chini. Alisimama karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akangoja izimwe ndipo ahubiri. Mimi nilifundisha kina mama kusoma, nikasimamia watoto siku ya Jumapili, na nikatembelea wagonjwa.

Lazima niseme nilivyokuwa moyoni, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sikuwa mnafiki. Niliamini kwamba Mungu yupo, kama nilivyoamini kwamba bahari ipo ingawa sikuwahi kuiona. Ila kulikuwa na jambo moja. Mimi na mume wangu tulimwomba Mungu mtoto kwa miaka tisa. Mwaka wa kumi niliacha, na sikumwambia mtu. Niliendelea kuwaombea wengine, kwa sauti na kwa maneno mazuri, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotumwa na kazi naijua. Kwa ajili yangu mwenyewe sikuomba kitu tena. Nilikuwa na nguvu, na nguvu zilinitosha.

Mwaka ule, kabla sijaugua, kulikuwa na mgonjwa mmoja niliyemtembelea mara moja tu. Alikuwa dada Mnyiramba, mjane, anayenizidi kama miaka kumi, na aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye ni Mwislamu. Kazi yake ilikuwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Alikaa chini kutwa nzima pamoja na wanawake wenzake, kitambaa kimefungwa puani, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amekohoa kwa miezi, na watu walianza kupita mbali na mlango wake. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amekonda, macho makubwa. Alijiinua akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nilisimama na Biblia yangu nikaomba, kisha nikamwambia, "Amini tu, dada. Mungu hashindwi na kitu. Shida ni sisi kukosa imani."

"Ahsante, Mama Mchungaji," alinijibu.

Nilikuwa na nyumba nyingine mbili za kuzungukia kabla ya jua kuwa kali. Sidhani nilimaliza dakika tano mle ndani.

Msumari wangu haukuondoka. Kwa miezi minne nilijikanda maji ya moto, nikapaka dawa ya misuli, nikameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni. Sketi zikaanza kunipwaya, nikazibana kwa pini. Nilikuwa naamka nimelowa jasho, na nikamwambia mume wangu ni joto la bondeni. Sikutaka kuwa mmisionari mgonjwa. Kwetu mmisionari mgonjwa hurudishwa nyumbani, na watu humwombea kwa sauti ya kumhurumia.

Kisha Jumapili moja niliingia kanisani na ndala moja. Kina mama waliokuwa mlangoni walicheka, nami nikacheka, nikageuka kutazama ile nyingine ilikobaki. Ilikuwa mbali, nyuma kabisa, karibu na barabara. Nilikuwa nimetembea umbali wote huo juu ya changarawe na mguu wangu haukuniambia. Nikaacha kucheka, nao wakaacha.

Juma lilelile tulikuwa na wageni, wanaume watatu kutoka kanisa letu la Kenya waliokuja kuona kazi. Walinikuta nikitembea kwa kushika ukuta. Walikuwa watu wema, na lazima niliseme hilo kabla ya kusema la pili. Walinizunguka sebuleni, wakaweka mikono juu yangu, wakaomba kwa muda mrefu mpaka mmoja sauti ikamkauka. Halafu mkubwa wao akasema, "Dada, simama utembee. Umeponywa."

Nilisimama. Nilipiga hatua moja na nusu. Goti la kushoto likajikunja lenyewe kama kitambaa, nikaanguka juu ya meza ya chai na kikombe kikavunjika chini ya kiwiko changu. Walininyanyua.  Kisha yule mkubwa, kwa upole kabisa, akamwambia mume wangu, "Tuchunguze mioyo. Huenda kuna shaka ndani ya nyumba hii."

Nilijua maneno yale yalikotoka. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe, nyumba ya tatu kutoka pale, nikiwa nimesimama.

Asubuhi yake mume wangu alipata gari, akanilaza kwenye kiti cha nyuma, tukapanda mlima kwenda Singida mjini. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha kwa kalamu. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimeliwa, moja imeegemea nyingine kama matofali yaliyojengwa vibaya.

"Ni kifua kikuu," alisema.

"Lakini sikohoi," nikamwambia.

"Si lazima ukohoe. Kinaweza kuingia kifuani kimyakimya kikaenda kukaa kwenye mfupa. Wewe kimekaa mgongoni, na sasa kinabana mishipa ya miguu."

Mume wangu aliuliza nililoogopa kuuliza. "Atatembea?"

"Sijui, Mchungaji. Tukianza dawa leo, kuna matumaini mazuri. Atazimeza mwaka mzima. Na kwa sasa mama alale chali. Asinyanyuke, asikae, asiinue hata sufuria."

Nililazwa wiki sita. Kutoka kitandani kwangu niliona kipande cha dirisha, na ndani yake mawe makubwa yale ya Singida yaliyopandana yenyewe, na juu yake anga. Nilikuwa na muda mwingi kuliko niliowahi kuwa nao tangu utoto, na niliutumia vibaya. Nilitafuta wa kumlaumu. Niliwapitia wote niliowatembelea, nyumba moja hadi nyingine, nani alikohoa na nani alinikoholea, na kila mara nilifika kwenye mlango uleule. Ni yule dada mponda mawe. Nilikuwa nimesikia kuwa yeye alipimwa, akaanza dawa, akapona, amerudi kwenye mawe yake. Nilimchukia. Nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa. Nilikuwa nimelala chini ya shuka la hospitali, mtumishi wa Mungu, nikimchukia mjane kwa sababu anatembea.

Nilirudishwa Sekenke nikiwa nimelala juu ya godoro nyuma ya gari. Fundi seremala wa kijijini alikuwa ametengeneza kitanda cha mbao tupu, bila kamba wala chaga za kulegea, kikawekwa sebuleni karibu na mlango ili nipate hewa. Jioni ileile alikuja nesi wa zahanati na mfuko wa dawa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unahitaji msimamizi," aliniambia. "Mtu wa kukuona ukimeza, kila siku, bila kukosa."

"Mume wangu yupo."

"Mume wako atasafiri kwenda machimbo mengine. Na akiwepo, siku ukitapika atakuonea huruma, atakwambia upumzike leo. Nataka mtu aliyemeza vidonge hivi mwenyewe." Akataja nyumba ya tatu.

Nilihisi uso ukipata moto. "Hakuna mwingine?"

Nesi alinitazama juu ya miwani. "Yupo nani? Huyu sikumtuma. Amejitolea mwenyewe, aliposikia tu umerudi."

Alikuja kesho yake alfajiri, ametoka kuswali, ushungi bado kichwani. "Hodi," alisema mlangoni, akangoja mpaka mume wangu akamkaribisha. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu pale hakuna ugonjwa unaomwondolea mtu shikamoo. Aliitikia marahaba, akauliza nimeamkaje, akaosha mikono, akakaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu. Alivihesabu vidonge kwenye kiganja chake.

"Maji kidogo kwanza, ulainishe koo," alinielekeza. "Kisha kidonge, kisha maji mengi. Usifikirie. Ukikojoa rangi ya machungwa usiogope, ni dawa. Mimi siku ya kwanza nilidhani nakufa, nikawaita majirani waje kuniaga. Hawakuja."

Alisema vile bila uchungu, kama anasimulia mvua. Nikasema, "Nipe maji."

Akacheka. Alikuwa na pengo la jino moja pembeni. "Nyie Wakenya! Mnaamrisha kama askari. Sema, naomba maji."

Si mara ya kwanza kuambiwa. Dukani walinitania miaka mitatu kwa hiyo "nipe" yangu na "nataka" yangu. Lakini siku hiyo nililala chali nikimngoja mtu aninyanyulie kikombe, na neno lilikuwa zito mdomoni. "Naomba maji," nikasema. Akaninywesha.

Wiki za kwanza nilizungumza naye kwa adabu tu. Alikuja, nilimeza, alikaa kidogo kuhakikisha sitapiki, akaenda kwenye mawe yake. Mimi nilibaki na dari. Kulala chali si kupumzika. Mifupa ya nyuma ya kichwa inauma, visigino vinachubuka, nzi anatua usoni nawe unamtazama. Msumari ulikuwa umekuwa moto unaozunguka mbavu hadi kifuani. Kuna siku nilihesabu pumzi kwa sababu sikuwa na jambo jingine nililoliweza.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mchana, wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani. Mume wangu alikuwa machimboni. Mama wa kanisa aliyekuwa na zamu ya kunitazama alikuwa ameitwa msibani ghafla, akaniachia jagi la maji na kengele. Tumbo likanichafuka. Sikuwa na uwezo wa kufanya lolote, na miguu haikuwa na uwezo wa kunisaidia. Nilijichafua pale nilipolala. Sikupiga kengele. Nililala vile nikitazama mabati, jua likiwa kali juu yake, karasha inasaga kule mbali, na harufu yangu mwenyewe ikinizunguka. Nilifikiri, hapa ndipo nguvu zangu zilipoishia.

Hodi ilisikika. Sikuitika. Ikaja ya pili, kisha yule dada akaingia. Sijui kwa nini alirudi saa ile, hakuwa na kawaida hiyo. Alisimama mlangoni, akaelewa.  Alifunga mlango, akavua kitenge cha juu akajifunga vizuri kiunoni, akaenda jikoni akarudi na beseni.

"Nakugeuza ubavu wa kulia," alisema. "Pumua nje nikivuta."

Alinigeuza kama alivyofundishwa na nesi, mgongo umenyooka, mkono mmoja begani na mwingine nyongani. Aliniosha. Alinifuta taratibu, mpaka katikati ya vidole vya miguu, ambavyo sikuvihisi bali nilimwona akivifuta. Alitoa shuka, akatandika nyingine, akanivalisha gauni safi. Kazi yote aliifanya akinong'ona wimbo wa Kinyiramba, na kazi ilipokwisha na wimbo ukaisha.

Nilikuwa nalia. Nilimuuliza, "Dada, kwa nini unanifanyia haya?"

"Ulikuja kwangu nilipougua."

"Nilikaa dakika tano. Hata kigoda chako sikukikalia."

"Ulikuja," alisema. "Wengine hawakuja kabisa. Na ulipofika mlangoni uligeuka, ukaniambia, 'Na zahanati uende ukapimwe, usikae tu.' Basi nikajiambia, huyu mgeni ametoka nchi nyingine kuja kuniambia niende zahanati. Kesho yake nikaenda. Wewe ndiye uliyenipeleka."

Mimi sikukumbuka. Hata leo sikumbuki. Nimeitafuta ile sentensi kichwani mwangu mara nyingi, naona Biblia, naona macho yake, naona saa yangu mkononi, sentensi siioni.

Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, ngumu, kucha zimepasuka. "Nami nina neno," akasema. "Limenikaa tangu ulipopelekwa Singida. Watu wanasema umeutoa kwangu ugonjwa huu. Nesi anasema hakuna awezaye kujua, machimbo yote haya yana watu wanaokohoa. Lakini kama ni mimi, Mama Mchungaji, nisamehe."

Nilikuwa nimebeba hukumu yangu dhidi ya mwanamke yule kwa miezi miwili. Nilikuwa nimeipanga vizuri, neno kwa neno. Naye aliingia nyumbani mwangu kila alfajiri akiijua hukumu ile, au akiihisi, na alikuja hata hivyo.

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha," nikamwambia. "Nilikuchukia."

"Najua," alisema. "Nilikuona unavyomeza dawa bila kunitazama." Kisha akacheka, pengo likaonekana, akainuka kwenda kufua shuka.

Alipotoka nilibaki peke yangu. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ule unaoburuta vumbi jekundu kutoka machimboni. Nilifunga macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamwomba Mungu jambo langu. Sikuomba nitembee. Halikuja hilo. Nilisema, "Baba, naogopa." Basi. Hapakuwa na sauti wala ndoto, na moto haukutoka mbavuni. Lakini nilijua kwamba nimesikiwa, kama mtu anavyojua, akiwa amefumba macho, kwamba kuna mtu mwingine chumbani. Alikuwepo tangu lini, sijui. Nadhani alikuwepo hata katika ile sentensi nisiyoikumbuka, amechukua dakika tano zangu mbovu akazifanyia kazi mimi nikiwa tayari nimeshaondoka.

Jioni mume wangu aliporudi nilimweleza yote, na nikamwambia pia lile la zamani, kwamba niliacha kuomba kwa ajili yangu mwaka wa kumi wa ndoa yetu.

Alikuwa anamenya karanga za kuchemsha, akiniwekea mdomoni moja moja. Hakuacha kumenya. "Nilijua," alisema.

"Ulijua vipi?"

"Ulianza kuomba vizuri mno."

Akaniwekea karanga nyingine. Kisha akasema, "Nami nikuambie langu. Huwa nashukuru karasha inapochelewa kuzimwa. Inanipa muda wa kutafuta cha kusema. Tangu uanguke juu ya ile meza, Mama, kuna siku nimesimama pale mashine imezimwa, watu wananitazama, sina neno. Nawasomea Zaburi nakaa chini."

"Wanasemaje?"

"Wanakaa nami. Juzi mmoja alileta chai."

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile, huku maganda ya karanga yamejaa kifuani pangu.

Siwezi kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kulikuwa na siku nilitapika vidonge na yule dada akaningoja, akanipa vingine nikalia kama mtoto. Ramadhani ikafika, naye amefunga, akawa anakuja alfajiri kunimezesha, kisha ananikorogea uji wa uwele asiouonja, akiuliza kama sukari imetosha. Nilimwambia aache, kina mama wa kanisa wataupika. "Mbona mimi nilifunga hata nikiwa na afya mbaya kuliko hii," alinijibu. "Kunywa." Wakati wa mavuno kina mama wa pande zote mbili, wa msikitini na wa makanisani, walileta vichwa vya alizeti kuvipigia uwanjani kwetu, ili tu nisikae peke yangu. Waliufungua mlango wazi nikawaona wakipiga kwa fimbo, wakipepeta, wakisengenya watu nisiowajua. Mara waligeuka kuniuliza neno la Kikenya, mara wakanifundisha la Kinyiramba na kucheka nikilisema. Mwanzoni niliona aibu kwamba sina ninachofanya. Baadaye nilielewa kwamba niliwahi kukaa miaka mitatu kati yao nikifanya kazi, na nilikuwa sijawahi kukaa nao.

Mwezi wa nne wa dawa nilisikia ncha ya shuka kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Sikumwambia mtu mpaka kesho yake, nilipokihisi tena. Yule dada alikibana kwa kucha.

"Unasikia?"

"Nasikia! Acha!"

Alikwenda mpaka barabarani kuwatangazia watu. Mwezi wa sita nilikaa. Mwezi wa nane nilisimama nikishikilia fremu aliyoiunda seremala yuleyule, mume wangu mbele yangu ananyoosha mikono kama anamfundisha mtoto kutembea. Nilipomaliza mwaka na daktari wa Singida akapiga picha nyingine, zile pingili mbili zilikuwa zimeshikana, zimepona kwa kupinda. Nina kibyongo kidogo. Gauni halikai sawa mgongoni, na fimbo ninayo mpaka leo.

Kanisa la nyumbani lilikuwa limetuandikia turudi kabisa. Tulirudi, lakini kwa likizo tu. Jumapili ya pili niliitwa mbele nitoe ushuhuda wa uponyaji. Nilipanda na fimbo yangu nikawasimulia kama nilivyosimulia hapa, pamoja na vidonge, pamoja na dada wa Kiislamu, pamoja na shuka. Wengi waliitikia amina. Wengine walitazamana. Mmoja aliniuliza baada ya ibada kama sioni kwamba nimempa mwanadamu utukufu wa Mungu. Nilimwambia kwamba sikujua namna ya kuwatenganisha, kwa kuwa walikuja kwangu pamoja.

Kisha alinijia yule mkubwa wa wageni wetu, aliyeniambia nisimame. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe mno kwa mwaka mmoja na nusu. Alinivuta pembeni, chini ya paa la jiko.

"Mke wangu anaumwa," alisema. "Madaktari wamesema ni kansa. Tumeomba. Nimefunga siku nyingi. Jana aliniuliza kama amekosa imani, na nikashindwa kumjibu. Dada, nimwambie nini?"

Ningeweza kumkumbusha kikombe kilichovunjika. Nilikiona kabisa. Lakini alikuwa mzee aliyesimama na kofia mkononi, akiogopa.

"Mwambie hakukosa," nikasema. "Kisha kaa naye. Umuoshe nywele kama anapenda."

"Nimuoshe nywele?"

"Ndiyo, baba. Na usiwe na haraka."

Tulirudi Sekenke kabla ya mvua za kwanza. Yule dada alihamia Mkalama kwa mwanawe wa kiume, wanakolima vitunguu, na ameacha mawe kabisa, kifua hakikumruhusu. Hunipigia simu mara kwa mara. Kwanza namwamkia, kisha ananiuliza kama mgongo unauma, namwambia unauma, hasa Juni na Julai baridi inapokaza, naye ananiambia na kifua chake vilevile. Tunacheka. Hatujawahi kubishana kuhusu dini zetu. Ananiambia ananiombea, nami namwambia namwombea, na ninaamini kwamba tunasema kweli sote wawili.

Kina mama wangu wa kusoma sasa nawafundisha nikiwa nimekaa. Wagonjwa nawatembelea wachache, mmoja au wawili kwa siku, maana siwezi kutembea mbali, na nikifika nakaa. Maneno yangu ya maombi yamepungua uzuri. Mume wangu ndiye aliyeniambia, na aliniambia kama sifa. Ya kwangu mwenyewe naomba pia. Naomba mvua isikatike alizeti zikiwa ndogo. Naomba jino la mume wangu lipoe. Lile la mtoto umri umelipita, wala siliombi tena, lakini siku nyingine humwambia Mungu kwamba bado linaniuma, kuliko mgongo. Ananisikiliza. Sijapata jibu, na sijaondoka. Nakaa kidogo pale kitandani ninapomwomba mpaka kunapambazuka vizuri, halafu nachukua fimbo naenda kuwafungulia kuku.